Lawrence au Kansas City: wapi unywe bia, wapi ule nyama ya moshi

Mwezi wa tano ukikaribia swali ni lile lile. Mtoto anamaliza University of Kansas (KU), wazazi wanakuja kutoka Dar au Mombasa, mabinamu wanashuka kutoka Dallas na Minneapolis, na kila mtu ameshasikia kwamba upande huu ndo kwenyewe kwa barbikyu na kwamba Lawrence, mji wa chuo, unapika bia zake wenyewe. Ukifungua ramani kwenye simu unapewa majina kibao, yote yana nyota nne na nusu, yote yana picha ya nyama inang'aa mafuta, sasa mtu achague vipi?

Msimamo wangu mimi ni huu: bia kunywa Lawrence, nyama ifuate Kansas City. Ni kama kilomita 65, dakika arobaini na kitu kwa gari. Ukilazimisha vyote viwili vikae meza moja utapata bia nzuri na nyama ya kawaida, au nyama ya maana na bia ya kopo ambayo ungeinywa popote.

Sababu iko kwenye moshi. Kidari cha ng'ombe, wao wanaita brisketi, kinakaa kwenye tanuri la kuni usiku mzima, masaa 12 na zaidi, na kikishatoka kina muda wake wa utamu, masaa machache tu, baada ya hapo kinaanza kukauka hata ukifunikeje. Sehemu inayouza nyama tu inajua mchana watu watapanga foleni, inachoma kwa hesabu, nyama inatoka na kukatwa na kuisha. Baa ya bia haiwezi kuishi hivyo, wateja wake wanaingia saa sita mchana na wengine saa nne usiku, kwa hiyo nyama lazima ikae na ipashwe. Halafu kidari kikishapunguzwa mafuta na kuiva kinapoteza karibu nusu ya uzito, yaani ni biashara inayotaka watu wengi kila siku. Lawrence sehemu za barbikyu zimefunguliwa na kufungwa miaka nenda rudi, na sishangai, maana majirani zao ni Kansas City.

Haya, bia kwanza.

Kuna kitu watu wanachanganya. Kuna baa inayopika bia yake na ina jiko kamili, mgahawa kabisa, watoto wanaingia, bibi anapata supu. Na kuna kiwanda kidogo chenye kaunta tu ya kuonjea, chakula ukibahatika ni lori limepaki nje. Chama cha wapika bia wa Marekani, Brewers Association, kinahesabu ile ya kwanza kwa vigezo viwili, iuze angalau asilimia 25 ya bia yake pale pale na iwe na huduma ya chakula ya maana. Ukiwa na familia tafuta hiyo ya kwanza, usimburuze mzee mpaka ghala lenye viti virefu visivyo na mgongo.

Free State Brewing ndo ya kuanza nayo na kwa wengi ndo ya kumalizia. Iko 636 Massachusetts Street, wenyeji wanasema Mass Street, ndani ya jengo lililokuwa stesheni ya tramu za zamani zilizokuwa zinaunganisha miji. Aliyeianzisha ni Chuck Magerl, 1989, na ukitaka kuelewa kwa nini watu wa hapa wanaipenda vile inabidi ujue Kansas ilikuwaje kuhusu pombe. Mwaka 1880 walipiga kura wakaweka marufuku ya pombe kwenye katiba ya jimbo, ikaanza kufanya kazi 1881, na Marekani nzima ilipofungulia tena 1933 Kansas wao wakaendelea kukaza mpaka 1948. Sheria ya kuruhusu viwanda vidogo vya bia imekuja 1987 tu. Kwa hiyo Free State ilipofungua ilikuwa kiwanda cha kwanza cha bia cha halali ndani ya Kansas baada ya zaidi ya miaka 100. Jina nalo lina uzito. Mji huu ulianzishwa 1854 na watu wa New England waliotaka Kansas iwe jimbo huru, lisilo na utumwa, ndo maana mtaa mkuu unaitwa Massachusetts, na Agosti 1863 kundi la William Quantrill, lililotetea utumwa, lilivamia kutoka jimbo jirani la Missouri likauchoma mji na kuua wanaume na wavulana kama 150 au zaidi. Mji ukajengwa upya. Mimi mgeni akija namwambia habari hii kabla hatujaagiza, inabadilisha namna anavyolitazama lile jina kwenye glasi.

Ndani pale mitambo iko nyuma ya kioo, matangi marefu ya chuma, na ukienda wakati wanapika unanusa nafaka imechemshwa, harufu kama ya uji wa ulezi uliokolea. Bia zao za kudumu ni Ad Astra, ale ya rangi ya kahawia nyekundu ambayo imechukua jina kwenye kauli mbiu ya jimbo, kuna Copperhead ambayo ni pale ale, kuna Wheat State Golden ya ngano, na Oatmeal Stout nyeusi yenye oti.

Hapa nikae kidogo kwa sababu ndo watu wetu wanapokata tamaa. Sisi tumelelewa na laga. Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Tusker, zote ni laga, zinachachushwa kwenye ubaridi na kuachwa zitulie wiki kadhaa, ndo maana zinakuwa safi na nyepesi na zinadai baridi kali. Baa hizi ndogo nyingi zinapika ale, hamira yake inafanya kazi kwenye joto la juu kidogo, wiki moja mbili bia iko tayari, na inabaki na ladha za matunda na mkate ambazo laga haina. Sasa mtu anatoka kwenye Kilimanjaro anakaa anaagiza IPA, aina ya ale, kwa sababu ndo jina alilolisikia, inakuja chungu kama mwarobaini maana imejazwa hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, anaonja mara mbili anaisukuma, anatangaza kwamba Wamarekani hawajui bia. Wanajua, ila umeingilia mlango wa nyuma. Mtu wa Kilimanjaro au Tusker aanze na ya ngano, Wheat State Golden. Mtu wa Guinness aende moja kwa moja kwenye Oatmeal Stout, tena asiombe ya baridi sana, iache ipate joto kidogo mkononi utasikia kahawa na chokoleti zinatoka zenyewe. Anayependa Safari, ile yenye mwili, Ad Astra itamfaa. IPA muachie aliyekwishaizoea. Na kama hujui kabisa uko wapi, omba vile vigilasi vidogo vya kuonja, wanavipanga kwenye kibao, unazungusha mezani kila mtu anachagua yake.

Ya pili ni 23rd Street Brewery. Usihangaike kuitafuta barabara ya 23, iko Clinton Parkway, ni barabara ile ile inabadilisha jina ukielekea magharibi. Hii ni ya michezo, televisheni kila upande, parking ya kutosha, sauti juu. Bia yao moja inaitwa Crimson Phog, kwa heshima ya kocha wa zamani Phog Allen ambaye uwanja wa basketi wa KU, Allen Fieldhouse, umebeba jina lake. Kuanzia Novemba mpaka Machi kama unataka kuangalia mechi ya KU huku hujapata tiketi, hapa panakufaa kuliko Mass Street kwa sababu unapaki gari bila ugomvi na kundi kubwa linapata nafasi. Kwa bia yenyewe naiweka chini ya Free State. Ni nzuri, haina tatizo, ila sijawahi kuona mtu anaitamani akiwa mbali.

Ya tatu Lawrence Beer Company, hii ya kizazi kipya, 2017, iko Pennsylvania Street kwenye maghala ya zamani ya mashariki ya mji. Kutoka Mass Street unatembea kwa mguu, unavuka New Hampshire, Rhode Island, Connecticut, New York, New Jersey, mitaa ina majina ya majimbo, halafu uko Pennsylvania. Kama wewe ni kijana, umeshazoea ale, unataka kitu kipya kila ukija, basi hapa, wanabadilisha bia mara kwa mara na jiko lipo. Ukiwa na wazee siwezi kukushauri uwapeleke usiku wa wikiendi, kelele. Mchana sawa.

Kwa hiyo kwa wazazi na kwa mara ya kwanza, Free State. Kwa mechi na kundi kubwa, 23rd Street. Kwa vijana wawili watatu wanaotaka kuonja vitu, Lawrence Beer. Moja mbili za vitendo hapo hapo: umri wa kunywa ni miaka 21 na kitambulisho wanaangalia kweli, baba mwenye mvi anaweza kuombwa pia, abebe pasipoti yenyewe maana kopi au picha kwenye simu mara nyingi wanaikataa. Na ukihudumiwa mezani bahshishi ni asilimia 18 mpaka 20, si hisani ile, ndo mshahara wa yule dada.

Sasa nyama, na hapa nitasema mengi kwa sababu hapa ndo mtu anatoka mbali kwa ajili yake.

Kwanza toa kichwani nyama choma. Nyama choma yetu ni moto wa mkaa chini, nyama juu, mbuzi au mbavu za ng'ombe, chumvi, saa moja unakula, unatafuna, na kutafuna kwenyewe ni sehemu ya raha. Barbikyu ya Kansas City moto hauigusi nyama. Kuni za hickory na mwaloni zinaungua pembeni, tanuri linashikiliwa kwenye kama nyuzi 107 mpaka 121 za Selsiasi, na nyama inakaa ndani ya moshi mpaka zile nyuzi ngumu za kidari ziyeyuke ziwe kama jeli. Kuna wakati nyama inafika kwenye nyuzi sitini na kitu sabini inagoma, haipandi kwa masaa, kwa sababu jasho linalotoka linaipoza, na mchomaji asiye na subira ndo anapoharibu hapo. Ikifika tisini na kitu ndo imelainika. Kipande kizuri utakijua kwa macho, nje kimekuwa cheusi kwa viungo na moshi, chini yake kuna mstari wa waridi kuzunguka kipande chote. Huo waridi si ubichi! Gesi ya moshi imeshikana na rangi ya nyama. Nasema kwa sababu nimeshaona shangazi anarudisha sahani akisema hawajaivisha.

Historia yake inaanza na mtu mmoja, Henry Perry, Mmarekani mweusi mzaliwa wa upande wa Memphis, Tennessee, aliyefika Kansas City 1907 na mwaka uliofuata akaanza kuuza nyama ya moshi kwenye kibanda, amefunga kwenye gazeti. Karibu kila kitu kinachoitwa barbikyu ya Kansas City kinarudi kwake. Alipofariki 1940 Charlie Bryant aliyekuwa anafanya kazi kwake akachukua, halafu mdogo wake Arthur Bryant. Mwaka 1946 familia ya Gates nao wakafungua, na mchomaji wao Arthur Pinkard naye alikuwa amepitia kwa Perry. Yaani Bryant's na Gates ni watoto wa jiko moja, ndo maana kuwalinganisha kuna raha yake.

Arthur Bryant's iko 1727 Brooklyn Avenue, upande wa Missouri. Hapana mapambo. Unapanga foleni kwenye kaunta, unasema unachotaka, jamaa anashika fungu la nyama anaweka juu ya mkate mweupe wa kawaida, fungu ambalo kwetu lingelisha watu wawili, anaongeza kipande cha mkate juu, chipsi zinarundikwa, sahani unapewa. Sosi ndo inagawanya watu. Ni ya siki na paprika, rangi ya machungwa, ina chembechembe ukiipitisha ulimini, haina ule utamu wa sukari, na mtu aliyezoea sosi ya dukani anaweza asiielewe kabisa. Mimi naiona ndo sosi inayomfaa mtu wa Pwani, kwa sababu sisi nyama bila ndimu au kachumbari yenye siki tunaiona haijakamilika. Agiza zile ncha za kidari zilizoungua, kwenye menyu zimeandikwa burnt ends, zamani zilikuwa vipande vya pembeni vya kumalizia tu ambavyo watu kwenye foleni walikuwa wanadokoa bure, leo ndo vinaombwa kuliko vyote. Ubaya wa Bryant's ni kwamba haitabiriki, siku nyingine kidari kinakuja kimekauka kidogo, sosi ndo inakiokoa. Uzuri mwingine ni jirani, 18th and Vine iko karibu, pana makumbusho ya jazi na ya ligi za besiboli za weusi, Negro Leagues Baseball Museum. Kwa wazazi waliokuja mara moja na wanataka kuona kitu zaidi ya sahani, hilo lina uzito.

Gates ina matawi kadhaa, moja liko State Avenue upande wa Kansas. Ukifungua mlango tu unapigiwa kelele "Hi, may I help you?" kabla hujaona hata menyu, ni desturi yao, usishtuke na usijibu kwa aibu, sema unachotaka. Sosi yao ni ya nyanya na ina ukali wa viungo. Mbavu zao za nguruwe ndo nguvu yao, kwa hiyo kama kitimoto kwako si tatizo, Gates kwa mbavu, siyumbi hapo.

Joe's Kansas City ni hadithi nyingine. Ile ya kwanza iko ndani ya kituo cha mafuta, kona ya 47th Avenue na Mission Road, upande wa Kansas, watu wanajaza petroli nje wengine ndani wanakula. Ilifunguliwa 1996 na Jeff na Joy Stehney waliotokea kwenye mashindano ya kuchoma nyama, zamani ilijulikana kama Oklahoma Joe's, jina likabadilishwa 2014. Anthony Bourdain, yule mpishi wa vipindi vya safari kwenye televisheni, aliiweka kwenye orodha yake ya sehemu 13 za kula kabla hujafa na tangu hapo foleni haijawahi kupungua. Sandwichi yao Z-Man ni kidari, jibini ya provolone iliyofukizwa moshi, na vitunguu vya mviringo vilivyokaangwa, vyote ndani ya mkate wa duara. Kwa ubora wa kidari, siku kwa siku, Joe's inawashinda wote wawili. Kinalainika bila kusambaratika, chumvi iko sawa, haijawahi kuniangusha. Sosi yao tamu kidogo, watoto wanaipenda.

Ukinibana nichague moja: mtu anayekuja mara moja maishani nampeleka Bryant's, kwa sababu ndo mzizi na kwa sababu sosi ile huipati kwingine. Mtu anayeishi hapa na anataka nyama nzuri bila kamari, Joe's.

Kwa Waislamu niseme wazi, maana wengi wanaona haya kuuliza. Sehemu zote hizi tatu nguruwe na ng'ombe wanapita kwenye tanuri moja, ubao mmoja, kisu kimoja, na nyama ya ng'ombe yenyewe haikuchinjwa kwa utaratibu wetu. Hata maharage, barbikyu ya huku mara nyingi yanapikwa na mabaki ya nyama ndani. Kwa hiyo mwenye kushika dini huku si kwake kwa nyama, na asidanganywe na mtu anayesema "chukua ng'ombe tu". Lawrence kwenye Free State angalau kuna vitu visivyo na nyama, lakini samaki wa kukaanga uliza unga wake, baa za namna hii wengi wanauchanganya na bia.

Mpangilio wa siku ni huu. Nyama mchana, bia jioni, kamwe usigeuze. Ukianza na bia Lawrence halafu ushike usukani kwenda Kansas City unatafuta balaa, kikomo cha pombe kwenye damu kwa dereva ni asilimia 0.08 na polisi wa barabara kuu hawana mazungumzo. Ondoka Lawrence saa nne na nusu asubuhi, ufike kabla foleni ya mchana haijajipanga, ule, mzunguke 18th and Vine, mrudi, mlale kidogo, halafu jioni mtembee kwa miguu Mass Street. Njia ziko mbili, I-70 ina tozo na siku hizi haina vibanda, kamera inapiga picha namba ya gari na bili inafuata, gari ya kukodi wanaweza kukuongezea ada yao juu. K-10 haina tozo na kwa kwenda Joe's ndo inayofaa. Na angalia unachoandika kwenye ramani, kuna Kansas City ya Missouri na Kansas City ya Kansas, ni miji miwili mpaka uko katikati.

Jambo la mwisho kwa wa mahafali. Sherehe ya KU, pale wahitimu wanapotembea kushuka kilima cha chuo, kwa kawaida ni Jumapili, na Joe's Jumapili hawafungui. Kwa hiyo nyama iwe Jumamosi. Jumapili jioni Mass Street inafurika familia zenye majoho mikononi, kusubiri meza kunaweza kula jioni yote, hivyo ama muingie Free State saa tisa alasiri mara tu baada ya picha, au msubiri Jumatatu wakati wageni wengi wameshaondoka na mzee atapata kiti chenye mgongo, karibu na kile kioo cha matangi.